Mawe Niliyoyaacha Tumbo Juu

Kwako Liban, aabo,

Salamu nakupa kwanza, kwa sababu ni haki yako, hata kama wiki nzima hii tumekuwa tukipishana mlangoni kama wapangaji. Sasa hivi alasiri imeshapita. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako upande wa soko la mifugo, hooyo, mama yako, anakukunjia nguo ndani, na mimi nimekaa kwenye kivuli cha ukuta na karatasi nilizomwomba mwenye duka. Kesho kabla jua halijatoka utakuwa ndani ya basi la kushuka pwani. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako uisome ukishafika mbali. Ukiisoma mbele yangu nitaanza kubisha, na unanijua, nikianza kubisha hakuna la maana linalosemwa tena.

Nakuandikia Kiswahili, ingawa bado nakuita aabo, yaani baba, kama wewe unavyoniita mimi. Kisomali nakisema sawasawa, kukiandika ndiko kunakonishinda, na Kiswahili hiki ndicho kitu kizuri pekee nilichorudi nacho kutoka huko unakokwenda. Mwanzoni watu wa pwani walinicheka kila niliposema bweza badala ya pweza. Baadaye wakachoka kucheka, nikawa mmoja wao kwa maneno. Kwa mengine sikuwa mmoja wao, na hayo ndiyo ninayotaka uyajue.

Mambo ya kula, ya kuswali kwa wakati, ya kupiga simu nyumbani, hayo atakuambia hooyo yako. Keshakuambia, na atakuambia tena kesho mpaka basi liondoke. Mimi sina nasaha za namna hiyo. Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu siku ile uliyotuambia kwamba umepata kazi ya kuokota chambo.

Unakumbuka nilivyosema siku ile. Nilisema hapana, bahari itakuua. Ukacheka, ukasema hutaingia baharini, utaokota tu minyoo na kaa wadogo ufukweni maji yakitoka, uwauzie wavuvi wa mshipi. Nikasema hapana tena. Ndipo ukaniuliza kwa upole, na upole wako ndio ulionichoma: "Aabo, nikibaki hapa nifanye nini?" Mimi nikainuka nikaenda kutawadha, na wakati wa swala ulikuwa bado kabisa. Uliliona hilo. Wallahi niliona aibu.

Sikukukataza kwa sababu ya bahari. Nilikukataza kwa sababu kazi hiyo niliifanya mimi, pwani hiyo hiyo, kwenye mawe hayo hayo utakayoonyeshwa, na mawe hayo niliyaua. Siku zote nimekuambia kwamba nilirudi Garissa kwa kuwa hewa ya bahari ilinikataa. Hewa haikuwa na neno na mimi. Walionikataa ni watu, na walikuwa na haki.

Nilikuwa kijana kama wewe. Ukame ulikuwa umepiga, babu yako amebakiwa na ng'ombe wa kuhurumia tu, nikashuka na lori la mkaa kupitia Ijara mpaka nchi ikaisha, kule mto wetu unakomwagikia. Nilijiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona. Maji yote yale, na hakuna mnyama awezaye kuyanywa. Na kwetu wakati ule aliyekula samaki alionekana mtu aliyekosa cha kula, kwa hiyo njaa yangu ya mwanzo niliivumilia kwa ukaidi, mpaka ukaidi wenyewe ukaisha.

Aliyenipa kazi alikuwa mama mmoja Mbajuni, Mwanaesha. Alikuwa mtu mzima, mkali, mwembamba, akifunga leso kiunoni na kwenda kwenye mawe kila bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hutoka yakaenda mbali na mawe yote yakabaki wazi. Yeye alitafuta pweza. Wanawe walivua kwa mshipi wakiwa wamesimama ufukweni, na walihitaji chambo kila siku. Kuchimba chambo ni kazi ya kuinama, ya matope na harufu, hakuna aliyeitaka. Mimi nikaitaka, kwa sababu nilikuwa sina mbele wala nyuma.

Alinifundisha kwa kelele. Kwenye tope la mikokoni nitazame vile vilima vidogo vya mchanga vilivyojisokota, maana chini yake kuna mnyoo. Nichimbe pembeni, si juu yake, nisije nikamkata. Mnyoo aliyekatika asichanganywe na wazima, ataoza awaozeshe wote. Wakae kwenye mwani mbichi, kivulini. Nilisema ndiyo, ndiyo, kama kawaida ya mtu asiyesikiliza.

Siku ya kwanza niliyochimba peke yangu nilijaza ndoo nzuri. Jua lilikuwa kali, nikawaona minyoo wangu wanalegea, nikawaonea huruma. Mtu wa ng'ombe anajua kitu kimoja: kilicho hai kikizidiwa na joto kinataka maji. Nikakimbia kisimani, nikachota maji matamu kabisa, baridi, nikawamwagia. Nilijipiga kifua kwa akili yangu. Kabla sijafika kwa Mwanaesha walikuwa wamevimba, wamepasuka, wamekuwa uji. Maji ya kisima huwaua viumbe wa bahari, kumbe, na kila mtu kijijini alilijua hilo isipokuwa mimi. Mwanaesha aliitazama ile ndoo, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Nakusimulia hili, aabo, ujue kwamba tulikuwa tukicheka pamoja. Sikuingia pale kama adui.

Kosa lile lilikuwa la kuchekwa. Lililofuata halikuwa la kuchekwa, na lilitoka kichwani mule mule.

Chambo kizuri kuliko chote hakikai kwenye tope, kinakaa chini ya mawe. Ukilipindua jiwe maji yakiwa yametoka unakuta kaa wadogo waliotoka kuvua gamba, laini, samaki huwapenda kupita kiasi. Unakuta minyoo minene, kamba, vitu vingine hata majina sikuyajua. Na upande wa chini wa jiwe lenyewe umejaa uhai: mayai, vitu laini vyekundu na vya manjano vilivyong'ang'ania. Mwanaesha aliniambia nikishachukua, nilirudishe jiwe kama lilivyokuwa, upande wenye uhai chini, mwani juu. Nisiliache tumbo juu. Kuhusu hilo hakupiga kelele hata kidogo. Alilisema mara moja kwa sauti ya chini, na mimi nikalichukulia kuwa si jambo kubwa, kwa sababu makubwa kwake yalikuwa ya kelele.

Mwanzo nililirudisha kila jiwe. Kisha kukaja msimu ambao wavuvi wote walitaka chambo, na wageni wenye fito zao ndefu za kuvulia wakataka pia, na maji hayamngojei mtu. Kulirudisha jiwe ni kuinama mara ya pili. Nikaanza kuyaacha.

Nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu sitaki ufikiri nilikuwa mvivu tu. Uvivu ulikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa na sababu, na niliiamini kwa moyo wangu wote. Kwetu malisho yakichoka, unahama. Huyapapasi, huyapangi, hupandi jani. Unaondoka, na kule kuondoka kwako ndiyo huruma yenyewe. Mvua inakuja, unarudi, unakuta majani yamefika magotini. Babu yako alinilea hivyo, na yeye alilelewa hivyo. Kwa hiyo nikishalipindua eneo moja nililiacha likiwa limepinduka, nikasogea mbele, nikijiambia panapumzika. Nilijiona muungwana kwa kusogea. Nilisogea bamvua hii, nikasogea bamvua ile, mpaka nikafika mwisho wa mawe, kule mchanga mtupu unakoanzia. Ndipo nikarudi mwanzo kuchukua majani yangu.

Nilikuta mawe meupe. Matumbo ya mawe yalikuwa yamekauka juani yakawa chokaa. Ule mwani uliokuwa juu ulikuwa umelaliwa na mawe ukaoza, na ukipindua tena unatoka mweusi na unanuka. Hapakuwa na kaa hata mmoja. Nilienda jiwe kwa jiwe nikiamini la mbele litakuwa na kitu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule, na mimi nilisimama pale nikiwa na ndoo tupu nikiitazama mvua iliyonisaliti.

Walipoisha kaa, pweza nao wakaisha, maana pweza chakula chake ni kaa. Mwanaesha alikwenda kwenye mawe akarudi na mikono mitupu, akaenda tena, akarudi hivyo hivyo. Wanawe wakawa wakitafuta chambo mbali sana, kisha mmoja akaenda zake mjini kubeba mizigo, na wa pili akamfuata. Yule mama akabaki kuketi mlangoni mwake wakati wa bamvua, leso begani, wakati ambao miaka yote alikuwa akiifunga kiunoni. Nilikuwa nikipita pale nikijitia hamnazo.

Siku moja akaniita. Nilijiandaa kusikia kelele. Nikamweleza haraka haraka kwamba mahali panapumzika, kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya, ukiondoka panapona. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe umehama. Sisi tunahamia wapi?"

Wazee wa kijiji wakakaa msikitini baada ya Ijumaa wakaniambia kwa heshima niondoke, na nikaondoka siku ile ile. Sikwenda kumwomba msamaha. Nilijiambia ni mkali, atanifukuza, lakini ukweli ni kwamba niliogopa asinifukuze. Ningefanya nini kama angenikaribisha chai?

Ukazaliwa, mambo yakaninyookea kidogo, nikanunua ng'ombe mmoja mmoja, na unawakumbuka. Unamkumbuka yule mwekundu mwenye pembe moja uliyekuwa ukimpa maganda ya ndizi. Nilianza kumsahau Mwanaesha. Kisha ukaja ukame ule uliotumaliza, wewe ukiwa shule, na kuna kitu sikukuambia kuhusu safari yangu ya mwisho na wale ng'ombe.

Nilihama kama nilivyofundishwa. Nikaenda upande wa mto, nikakuta mashamba yamezungushiwa senyenge mpaka kwenye kingo. Nikapanda kaskazini, nikakuta waliotutangulia, na waliotoka Wajir, na waliotoka mpaka Mandera, wote wamehama kuja huko huko, na ardhi imekuwa vumbi la kwato. Nikakutana na mzee mmoja ananiuliza kwetu kukoje, mimi namwuliza kwao kukoje, na sote wawili tulikuwa tukitumaini uongo. Ng'ombe wakawa wanakaa chini na hawainuki. Yule mwekundu nilimnyanyua kwa mkia pamoja na kijana mmoja wa watu, akasimama, akakaa tena. Nilikaa pembeni yake, na nikajisikia nikisema kwa sauti, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyekuwa akiisema pale: tunahamia wapi?

Hivyo ndivyo nilivyolielewa neno la yule mama. Miaka yote ile nilikuwa nimelikumbuka tu.

Sasa tuko hapa mtaa wa Iftin na mbuzi wanaokula maboksi. Hooyo yako anauza maziwa ya watu wengine. Wewe umesoma, umefaulu, umezunguka ofisi zote za mji huu na bahasha mkononi mpaka bahasha ikachakaa, na mimi kila jioni nilikuuliza "vipi?" kana kwamba sijui. Nimekata tamaa, Liban. Naliandika neno hili kwa sababu mbele ya hooyo yako siwezi kulisema. Watu wananiambia niwe na subira, na subira ninayo, lakini subira na tamaa si kitu kimoja. Naswali, namshukuru Mungu, nainuka kwenye mkeka, na sioni mlango.

Rafiki yako aliyekupigia simu anasema chambo kipo, watu wanaokota. Labda. Huenda mawe yale yamepona, miaka imepita mingi. Huenda walitokea wengine kama mimi baada yangu, wakamaliza niliyobakisha. Nikuambie ninavyoamini: naamini utakuta mawe meupe. Naamini utainama siku nzima upate minyoo ya kujaza kikombe. Na pamoja na hayo kesho nitakubebea begi mpaka stendi, kwa sababu huko unakokwenda huenda hakuna kitu, na hapa mimi najua kabisa kwamba hakuna kitu. Hilo ndilo jibu la swali lako, lile nililolikimbia kwenda kutawadha. Ukibaki hapa hakuna cha kufanya.

Ukilipindua jiwe, lirudishe. Siandiki zaidi ya hapo, maana unajua sababu, na mtu anayejua sababu hahitaji kupigiwa kelele. Kiuno kitakuuma. Kitaniuma na mimi nikikuwaza. Na ukiona mawe yote ya mwenzako yamelala tumbo juu, na yeye ana ndoo mbili wewe una moja, utaniona baba mjinga aliyekutia umaskini kwa barua. Sina namna ya kukuzuia usinione hivyo.

Limebaki jambo moja na ndilo lililonifanya niombe karatasi.

Pwani watakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Watu wa kule wana kumbukumbu ndefu, na jina langu walilitaja sana mwaka ule. Unajua kwetu tunavyotaja watu: jina lako, la baba, la babu, tunapanda hivyo mpaka tunafika kwa mtu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Nilikufundisha wewe majina hayo ukiwa bado unakojoa kitandani, ukiyakosea nakubana sikio, ukiyapatia nakupa tende. Sasa nakuomba ufanye kitu ambacho hakuna baba wa kwetu aliyewahi kumwomba mwanawe. Wakikuuliza, sema Liban Warsame. Taja lako, kisha la babu yako, uendelee kutoka hapo. Liruke langu, la Abdullahi.

Najua dini inasema nini juu ya mtu anayemkana baba yake. Sikuambii unikane. Babu yako ni babu yako, hutakuwa umesema uongo. Nakuambia usinitaje, basi, upate kusimama kwenye mawe yale bila mtu kukutazama mikono. Mwanaesha akiwa hai, na akikutazama sana usoni kwa sababu paji hilo ni langu, mwamkie kwa heshima, mchukulie ndoo yake, na ukae kimya.

Usifikiri nimeliandika hili kwa hasira au ili unionee huruma. Nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu asubuhi. Muda mfupi uliopita, hooyo yako alipoingia ndani, niliyataja majina yetu kwa sauti ndogo kuanzia kwako, yote, nikaliruka la kwangu ili nisikie yatakavyokuwa. Yanakwenda sawa tu, aabo. Hata hapapungui kitu.

Mungu akufikishe.

Aabo yako